Mamlaka yapi yaliyorudi?

Nimesoma makala inayodai eti Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya ilirudishiwa mamlaka yote juu ya sheria zake. Hapo mwandishi wake simuungi mkono hata kidogo. Wananchi waliamua kujitoa Juni 2016, asilimia 51.9 kwa 48.1, na uamuzi wao ulistahili kuheshimiwa. Lakini anayetaka kupeleka nyama Ufaransa leo bado anafuata kanuni za Brussels, yaani za Umoja wa Ulaya, tena sasa shehena yake lazima iambatane na cheti cha afya chenye saini ya daktari wa mifugo, na nchi yake haina kura tena kanuni hizo zinapotungwa. Kinachoniuma zaidi ni Ireland Kaskazini: ni sehemu ya Uingereza, ila kwenye bidhaa inafuata sheria nyingi za Ulaya, hadi pakiti za nyama zinazovushwa bahari kutoka sehemu nyingine za Uingereza hubandikwa lebo kwamba si za kuuzwa Umoja wa Ulaya. Hiyo ni ndani ya nchi moja! Ninyi mnaotetea kujitoa, ukaguzi wa bidhaa mngeuweka wapi bila kurudisha vizuizi kati ya Waireland wenyewe, kwenye mpaka wa Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland iliyobaki Umoja wa Ulaya?