Uadimu wa Nyara: Hamu Inayomrudisha Mchezaji Shimoni

Pete ikidondoka sakafuni katika Diablo II hutoa mlio wake wa pekee. Ni mlio mdogo, mkali, na aliyeizoea gemu hiyo huutambua hata macho yakiwa kwingine. Anatazama chini, anaona neno Ring, yaani pete, limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Rangi hiyo inamwambia kuwa kitu ni cha kipekee, ila haimwambii ni kipi. Katika toleo la awali la mwaka 2000 huenda ikawa Nagelring au Manald Heal, pete ambazo hazimshtui mtu. Huenda pia ikawa Stone of Jordan, ambayo ilithaminiwa kiasi kwamba wachezaji waliifanya sarafu ya kubadilishana vitu. Mpaka atumie hati ya utambuzi, hajui ameokota ipi.

Sekunde hizo chache ndizo moyo wa gemu za RPG za mapigano, ambamo unamkuza mhusika wako kwa nyara, yaani vitu wanavyodondosha maadui. Unaua, unaokota, unapata nguvu, unarudi kuua wakubwa zaidi. Rangi za Diablo zikawa lugha ya wachezaji: nyeupe ni kitu cha kawaida, bluu kina uchawi kidogo, njano ni adimu, dhahabu ni cha kipekee. Borderlands ilihamishia mtindo wa rangi kwenye bunduki mwaka 2009, na Path of Exile ikauendeleza mwaka 2013. Ugomvi ni iwapo uadimu wa nyara hizo unampa mchezaji hamu ya kweli au unamkamata tu.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Kama kila adui angedondosha upanga bora kuliko wote, kufikia saa ya pili usingekuwa na cha kutamani. Lakini kwangu hoja yao kubwa ni nyingine: kitu adimu kilichobuniwa vizuri kinabadilisha namna ya kucheza. Katika Path of Exile kuna joho liitwalo Shavronne's Wrappings, ambalo kwa miaka lilizuia madhara ya aina iitwayo chaos yasipenye ngao ya nishati kwenda kwenye uhai. Ukilivaa, uliweza kuishi kwa makusudi na uhai kidogo sana, ukategemea ngao, na kile kilichokuwa hatari kikawa chanzo cha nguvu. Mhusika uliyemjenga kwa wiki nzima unamfumua na kumsuka upya kwa sababu ya vazi moja. Anayelisaka joho la namna hiyo anatafuta mchezo mpya ndani ya mchezo uleule, na hamu hiyo naiheshimu.

Wanaoupinga wanaanzia maabara. Mwaka 1957 wanasaikolojia Ferster na Skinner walichapisha uchunguzi wao kuhusu ratiba za zawadi. Mnyama anayepewa zawadi baada ya majaribio yasiyotabirika huendelea kubonyeza kitufe kwa kasi, na hata zawadi zikikoma huchelewa sana kukata tamaa. Mashine za kamari zinaendeshwa na kanuni hiyo, na jini anayedondosha silaha adimu naye hana tofauti.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Tuseme kitu kina nafasi moja kati ya 1,000 ya kudondoka. Mchezaji hudhani akiua maadui 1,000 lazima atakuwa nacho. Sivyo. Wachezaji 100 wakiua 1,000 kila mmoja, takribani 37 kati yao watatoka mikono mitupu. Wakifika 3,000, watano hivi bado watakuwa hawajakiona. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa, lakini bahati ya namna hii haihesabu uvumilivu wa mtu: jaribio la 3,001 lina nafasi ileile ya jaribio la kwanza. Diablo III ililipunguza tatizo hili kwa kipima muda kilichofichwa, kinachoongeza nafasi kadiri unavyokaa bila kupata kitu cha lejendari, yaani cha daraja la juu. Naona ni haki, na sijasikia mchezaji aliyelalamika kwamba kilimwondolea utamu.

Gemu hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nichague upande. Ilitoka Mei 2012 ikiwa na soko la mnada, na baadaye kidogo likafunguliwa soko la fedha halisi. Vitu bora vilibaki kuwa adimu sana. Tena vilivyodondoka mara nyingi havikumfaa aliyevipata: shujaa wa nguvu anaokota mkanda unaoongeza akili ya mchawi. Njia ya mkato ikawa kuua, kuuza, kisha kwenda kununua sokoni. Uadimu haukupungua hata kidogo, ila hamu ikapungua. Jay Wilson, aliyeiongoza gemu hiyo, alikiri hadharani mwaka 2013 kwamba masoko hayo yaliidhuru. Februari 2014 mfumo wa nyara ukabadilishwa, vitu vikawa vichache lakini vyenye kumfaa mhusika wako, na tarehe 18 Machi soko likafungwa.

Kwa hiyo sikubali kwamba uadimu peke yake ndio unaomsukuma mchezaji. Kinachomsukuma ni uadimu uliopita mikononi mwake mwenyewe, kutoka kwa adui aliyemuua yeye. Ukikata uzi huo, kitu adimu kinabaki bei tu.

Pale fedha inapoingia kwenye bahati yenyewe, naungana na wapinzani moja kwa moja. Diablo Immortal ya mwaka 2022 inauza vifaa vya kuboresha zawadi za mashimo yake, yaani mapango ya kuulia maadui, na haikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya sheria za huko kuhusu masanduku ya bahati, yaani zawadi unazolipia bila kujua utapata nini. Mtu anayepoteza jioni yake kusaka pete ameamua mwenyewe jinsi ya kuitumia jioni hiyo. Anayelipia kila jaribio anacheza kamari, hata skrini ikipambwa vipi.

Biashara kati ya wachezaji ni suala gumu zaidi, na hapo siwezi kuwa mkali. Wapo wanaofurahia kupanga bei na kutafuta faida kuliko kupigana. Gemu nyingine ya aina hii, Last Epoch, katika toleo lake kamili la Februari 2024, iliwapa wote nafasi: ukijiunga na Merchant's Guild unanunua na kuuza, ukijiunga na Circle of Fortune hufanyi biashara ya sokoni lakini vitu vizuri vinakudondokea zaidi. Mimi nilichagua Circle. Mhusika wangu amechelewa kukomaa na buti zake bado ni mbovu, lakini kila alichovaa najua kilidondoka kwa bosi gani.