Gari la mawe la Hampi na kesi dhidi ya kamera

Noti ya rupia 50 ya India, toleo la 2017, ina picha ya gari la mawe lililo katika ua wa hekalu la Vitthala, Hampi, mji wa kale wa kusini mwa India. Ni kihekalu kilichochongwa kwa umbo la gari, makao ya Garuda, ndege anayembeba mungu Vishnu. Kwenye noti, juu ya gari hilo hakuna kitu. Lakini mwaka 1856 Alexander Greenlaw, ofisa wa jeshi la Madras, jimbo la kusini mwa India chini ya Waingereza, alilipiga picha kwa karatasi iliyopakwa nta, na picha yake inaonyesha mnara wa matofali umekaa juu ya paa. Mnara huo leo haupo. Bila karatasi ile, watu wengi wangeamini kwamba gari lilikuwa hivi tangu mwanzo.

Nautaja mnara huu kwa sababu siku hizi picha za kwanza za mahekalu ya Kihindu husomwa zaidi kama ushahidi wa ukoloni. Hoja za wanaozisoma hivyo si za kupuuzwa. Wapiga picha wengi walikuwa wanajeshi, na Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni ya Kiingereza iliyotawala India wakati huo, ilitaka kamera kwa kuwa ingekuwa na kasi na gharama ndogo kuliko wachoraji. Mahekalu yaliyojaa waumini yanaonekana matupu, kama magofu. James Fergusson, mwanahistoria Mskoti wa usanifu majengo, alizitumia picha kudai kwamba sanaa ya India ilizidi kuporomoka kadiri karne zilivyopita.

Hata hivyo, utupu ule una sababu ya kawaida pia. Karatasi ya nta ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na anayetembea hakuacha alama. Tena mgeni asiye Mhindu kwa kawaida hakuruhusiwa kufika patakatifu, ndiyo maana tuna nguzo, kuta na nyua nyingi kuliko sanamu zinazoabudiwa. Huo mpaka uliwekwa na wenye hekalu, na kamera ikautii. Sijui kwa nini wakosoaji hawalitaji hilo.

Linnaeus Tripe, ofisa mwingine wa jeshi aliyepigia serikali ya Madras picha, naye, mwaka 1858, alizunguka hekalu la Brihadisvara, Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza, akayapiga picha maandishi yaliyochongwa kwenye kitako chake. Aliunganisha picha 21 zikawa ukanda wa karibu mita 6. Maandishi ya hekalu hilo yanataja zawadi za dhahabu, vijiji vilivyolipa kodi, na wanawake 400 waliohamishiwa hapo kuhudumu. Mtu anayetaka kuonyesha gofu la kupendeza macho tu hasumbuki na mistari ya Kitamili kwenye msingi wa ukuta. Mwaka uliofuata Charles Trevelyan akawa gavana wa Madras, akaiona kazi hiyo kuwa anasa, ikafungwa. Wenye kusema kamera ilikuwa nguzo ya utawala watueleze kwa nini mtawala huyu aliiona haina faida.

Fergusson ndiye anayestahili lawama zaidi, ila hata yeye hakubaki bila mpinzani. Rajendralal Mitra, msomi wa Bengal, alikuwa mweka hazina wa Chama cha Wapiga Picha cha Bengal hadi 1857, alipofukuzwa kwa kuwasema hadharani Waingereza wenye mashamba ya nili, mmea wa rangi ya buluu. Hakuiacha kamera kwa sababu ya waliomfukuza. Alipoandika juu ya mahekalu ya Orissa, mashariki mwa India, katika miaka ya 1870, alitumia picha na nakala za michongo zilizotengenezwa kwa plasta kutetea kwamba Wahindi hawakufundishwa ujenzi wa mawe na Wagiriki. Mwaka 1884 Fergusson alitoa kitabu kizima kumshambulia. Picha zilezile zinazoitwa mali ya upande mmoja zilikuwa tayari uwanja wa ugomvi wa pande mbili, na Mitra alikuwa ndani yake miaka mia moja kabla ya wachambuzi wa leo.