Tek, Tek, Tek

Mwalimu wa michezo alinikabidhi revolva ya kuanzishia mbio, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge. "Kijana, pangusa masizi, basi." Ni ya kelele tu: mtutu umezibwa, matundu sita, risasi zake baruti bila kichwa.

Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria isipomwonyesha uso wake, huirudisha kwenye beseni. Hiyo "basi" sikuisikia.

Kwetu Goma nyumba imekaa juu ya mawe ya volkano ya 2002. Nikachota lile vumbi jeusi la uani, nikachukua brosi ya meno (ya mdogo wangu, asiambiwe), nikaanza kusugua masizi yaliyoganda usoni mwa silinda. Yakagoma. Nikaongeza nguvu. Yakatoka, na nikeli ikayafuata. Revolva iliyokuwa iking'aa ikabaki na mabaka kama kikaango cha mjane.

Kuficha aibu, nikaleta oili ya pikipiki ya kaka, kiasi kilichobaki kwenye chupa ya soda. Tundu la kwanza nikalifurisha, la pili, la tatu... kufika la sita, chupa ikakauka. Halafu nikajiona mwenye akili: nikajaza risasi usiku uleule, mwalimu asihangaike asubuhi. Kumbe oili hutambaa polepole hadi kwenye fataki, pale nyundo inapopiga. Fataki ikilowa, imekufa.

Uwanjani, wakimbiaji wakainama. Mwalimu akainua mkono. Tone likadondoka kwenye kofia yake nyeupe.

"Tayari..."

Tek.

Akavuta tena. Tek. Ya tatu, mama wa maandazi akaangua kicheko. Ya nne, mwalimu akaanza kunitafuta kwa macho; nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya huyohuyo mama. Ya tano, wakimbiaji wakasimama, mikono kiunoni. Mkono ukiwa bado juu, mwalimu akavuta mara nyingine, kwa hasira tu.

PAA!

Goma mlio kama huo hauulizwi umetoka wapi. Uwanja mzima ukalala: wazazi, prefe (mkuu wa shule) na tai yake, mama wa maandazi na beseni juu yangu. Mawe ya volkano hayajui magoti ya mtu.

Mtoto wa mstari wa nne peke yake ndiye aliyekimbia. Alimaliza mita zake 100, akageuka, akatutazama tulivyolala, akauliza kwa sauti amekuwa wa ngapi.