Hela ina usingizi

Leo hata chai sijanywa, jirani ananiita dirishani, "Mangi, njoo uone maajabu!" Kanunua koti la mtumba soko la Memorial hapa Moshi kwa elfu nane, mfuko wa ndani kakuta noti ya euro 50. Kaishika kwa ncha za vidole kama kifaranga cha siku moja. Nikampongeza, mi ni mtu mzima. Ila mi navaa mitumba tangu sijaota ndevu na nilichowahi kukuta mfukoni ni leso, tena imetumika, na siku moja risiti ya Kijerumani ambayo niliitunza wiki nzima nikijua ni hundi.

Wenzetu wana nyota jamani. Kuna mtu Marekani 1989 kaenda mnadani huko Pennsylvania kanunua picha kuukuu kwa dola 4, kisa kapenda fremu, kuifungua nyuma kuna nakala ya tangazo lao la uhuru, zile zilizochapwa mwanzo kabisa 1776, na 1991 ikauzwa dola milioni 2.42. Toulouse nako, Ufaransa, 2014, dari la watu linavuja, wanapanda kuangalia wanakuta mchoro, wataalamu wengine wakasema ni wa Caravaggio, una miaka 400 na ushee. Sasa dari langu mimi linavuja kila masika, nimepanda mara nne. Nimekuta panya. Na kiatu kimoja, cha kushoto.

Ndo maana juzi nilivyopanda dari la jiko la mama kule Kibosho kushusha mahindi nikakuta kopo lina sarafu, moyo ulinipasuka. Nikaifuta masizi kwa shati: ina tundu katikati, taji, maandishi ya Kijerumani, mwaka 1911. Heller 10. Yaani hela yenyewe, mama wa hela zote, hii tunayoililia kila siku jina tulilitoa hapo, na heller mia moja ndo zilikuwa rupia moja.

Nikashuka mjini kwa mzee mmoja anakaa na fundi saa huko nyuma ya stendi, nimeambiwa ananunua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mzigo uko wapi?"

Mzigo! Nikautoa kwenye leso. Akavaa miwani, akavaa na nyingine juu yake.

"Haina tembo?"

"Ina tundu."

Akasikitika kama daktari. Akanieleza habari ya Tabora 1916, Mjerumani kabanwa na vita, anapiga sarafu kwenye karakana ya reli, rupia 15 ya dhahabu ina tembo, hiyo ndo watu wanauza wanajenga. Hapo hakudanganya, ile ipo kweli na ni ghali. Nilipaswa kuondoka hapo hapo.

"Ila hata hii yaweza kuwa na nguvu. Leta mchele tupime."

"Mchele wa nini mzee?"

"Ikiwa hai inavuta mchele. Lete wa Mabogini, wa Kyela ni mzito."

Mimi mtu niliyesoma, mzee wa baraza kanisani, nikaenda dukani nikanunua kilo nzima. Akaumwaga kwenye sinia, akaweka hela katikati. Bodaboda wakazima pikipiki. Mama wa ndizi akaacha mteja. Kimyaaa, dakika kumi tunaangalia mchele kama mechi ya Simba na Yanga, mara punje moja ikasogea, watu "aaaah!", kumbe fundi saa kapiga chafya.

Mzee akatikisa kichwa. "Iko hai, ila ina usingizi. Imekaa sana kwenye moshi. Kuiamsha ni elfu hamsini."

"Hela ina usingizi??"

"Usibishe, itasikia."

Nikachukua hela yangu. Nikataka na mchele wangu, akaufunika na sinia, eti mchele uliopimiwa mali haupikwi nyumbani, unaleta mikosi, atauhifadhi yeye. Atauhifadhi! Saa saba mchana, na sufuria ya maharage nimeiona kwa macho yangu inachemka nyuma ya meza ya fundi! Kilo elfu tatu jamani, mi nyumbani nimeaga naenda kuuza urithi.

Nafika getini simu inalia, baba mdogo yuko Dar, miaka miwili hajapiga, "Nasikia mmepata mali ya ukoo." Shemeji naye kashaulizia cherehani ya mama. Huyu huyu ndo aliifumua redio ya marehemu baba akitafuta mekyuri, ile watu wanayosema imefichwa kwenye redio na cherehani za zamani na eti ni mali, hakupata kitu, na kuirudisha kashindwa, redio ilikuwa inashika stesheni hadi za Msumbiji, sasa hivi kuku anatagia ndani.

Na mlima umejifunika tangu saa tisa, mvua hiyo inakuja. Ndoo kubwa jirani kaazima tangu Jumapili, na sasa ana euro, nitamwanzaje?