"Upande mmoja" ni upi vigeu vikiwa viwili?

Kigeu, yaani kitu kinachopimwa, kikiwa kimoja, jaribio la takwimu la upande mmoja (linalotafuta badiliko la mwelekeo mmoja tu) halisumbui: wastani umezidi sifuri au haukuzidi. Vikifika viwili, upande wenyewe unahitaji maelezo. Tuseme dawa inapimwa kwa nafuu ya maumivu na kwa uwezo wa kutembea. Tunadai inasaidia angalau kimoja bila kudhuru kingine, au inasaidia vyote viwili? Ni madai tofauti, na kila dai lina jaribio lake.

Wanaotetea majaribio ya upande mmoja kwa vigeu vingi wana hoja nzito. Jaribio la Hotelling la mwaka 1931, linalopima wastani wa vigeu kadhaa kwa pamoja, halibagui mwelekeo. Kwake dawa inayodhuru na inayosaidia ni mamoja, mradi zote ziko mbali na sifuri. Chukua matokeo mawili yasiyohusiana, kila moja likiwa juu ya sifuri kwa makosa sanifu 1.6 (kosa sanifu ni kipimo cha kuyumba kwa makadirio), na mtawanyiko wake wa kweli uwe unajulikana. Likipimwa peke yake, hakuna linalofikia 1.645, kizingiti cha upande mmoja kwa kiwango cha asilimia 5. Jumla ya miraba yake ni 5.12, nayo haifiki kizingiti cha pande zote, 5.99. Lakini mwaka 1963 Kudô alieleza namna ya kupima dhidi ya eneo chanya pekee, yaani pale ambapo hakuna wastani ulio chini ya sifuri, na hapo kizingiti kinashuka hadi 4.23 hivi. Ushahidi uleule sasa unatosha. Kama mwelekeo ulitajwa kabla ya data kukusanywa, kuupuuza ni kupoteza nguvu ya jaribio bure.

Sasa tazama upande wa pili, maana hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Matokeo, kwa makosa sanifu kama mwanzo, yawe -4 na -2.5, na uhusiano kati yake uwe 0.9 (1 ikiwa ni uhusiano kamili). Yote mawili ni hasi. Makadirio yakizuiwa yasitoke eneo chanya, yanaangukia 0 na 1.1, na jaribio la uwiano wa uwezekano, linalolinganisha jinsi data zinavyoafikiana na sifuri na zinavyoafikiana na eneo chanya, linatoa 6.37. Kizingiti chake, hata uhusiano uwe wowote, hakizidi 5.14. Basi dai la sifuri, kwamba dawa haina athari, linakataliwa, na anayesoma ripoti ataambiwa dawa inasaidia!

Silvapulle alionyesha ajabu ya namna hii mwaka 1997. Miaka miwili baadaye Perlman na Wu walilitetea jaribio hilo dhidi ya majaribio mapya yaliyobuniwa kulirekebisha. Nakubaliana nao kwamba hesabu haina kosa: kwa uhusiano mkubwa hivyo, data hizo ziko mbali zaidi na sifuri kuliko zilivyo na eneo chanya. Ila ziko mbali na vyote viwili. Jaribio liliulizwa lichague kati ya nukta moja na eneo moja, likachagua kilicho karibu kidogo. Kosa liko kwenye nadharia tete, yaani dai linalowekwa ili data zijaribu kulikataa, iliyosahau kwamba dawa inaweza kudhuru.

Kwa dawa, ningeweka ndani ya nadharia tete kila hali ambapo angalau kigeu kimoja hakipati nafuu, kisha nidai kila tokeo livuke 1.645 lenyewe. Mfano wa -4 na -2.5 hautapita. Wala ule wa 1.6 na 1.6 hautapita, na hasara hiyo niko tayari kuibeba.