Bahari Waione Wao, Dereva Aone Tela

Nani alisema safari ya gari kando ya bahari ni mapumziko? Basi hakuwa ameshika usukani. Abiria wanahesabu mashua. Dereva wa familia yuko nyuma ya lori, anasoma namba zake mpaka anazikariri.

Na kazi haianzii barabarani. Gari lenye watu watano na buti lisilofunga halitaki upepo wa siku zote. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva mara nyingi kina viwango viwili: gari jepesi na gari lililosheheni. Cha pili hakisomwi na mtu. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka. Ukipima baada ya saa nzima ya lami, umeshapanda wenyewe kwa PSI 4 hivi (PSI ndicho kipimo cha upepo), halafu shemeji mjuaji anakwambia upunguze. Thubutu! Likipoa litakuwa chini ya kiwango, na tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopata moto likapasuka. Spea nayo ipimwe, ila iko chini ya mabegi yote, na aliyeyapanga hataki yaguswe.

Mkanda wa mizigo ya kwenye keria usokote mara moja au mbili, la sivyo utavuma njia nzima. Simama baada ya kilomita 20 uukaze tena, maana mizigo ikishatulia mkanda unalegea. Ukisimama tu: “Tumefika?” Kilomita 20, jamani!

Kisha zinaanza kona. Macho ya abiria yako kwenye simu, yanasema tumetulia. Sikio la ndani linasema tunayumba. Tumbo linatoa hukumu. Simu chini, dirisha lifunguliwe, macho yatazame mbali kule bahari inapokutana na mbingu. Anayeumwa akae mbele. Lakini kiti cha mbele kina mwenyewe, na mwenyewe hang’oki. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Hawa wanaiulizia tumbo likishafika shingoni. Mfuko nao, tafadhali, ukaguliwe matundu mapema. Mapema!

Kwenye mteremko mrefu unashusha gia, injini inalizuia gari. “Mbona linalia?” Acha lilie. Ukikanyaga breki mfululizo mpaka chini, zinachemka, zinatoa harufu, mwisho hazishiki.

Na “simama hapo tupige picha!” husikika kona ikishapita, tena sehemu yenyewe iko ng’ambo ya barabara. Ndiyo maana mwenye akili hupanga njia ili bahari iwe upande wa barabara anaoendeshea, asimame bila kukatiza magari. Kioo cha mbele kikishika chumvi, maji kwanza, waipa baadaye. Waipa kavu zinaipakaza tu.

Mkosi mkubwa ni hili neno: “Twende na gari mpaka mchangani.” Gari liegeshwe juu ya ule mstari wa mwani mkavu, kwa sababu maji yaliyokupwa hujaa tena baada ya saa sita na ushee, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, yanapanda zaidi. Kila mtu anausifia mwezi mpevu, hakuna anayeulizia maji.

Likinasa, usikanyage mafuta, unalizika. Fukua mchanga mbele ya magurudumu, nyoosha usukani, shusha upepo hadi PSI 18 hivi, abiria washuke, toka polepole bila kukata kona kali. Wote wana ushauri. Koleo halina mtu. Kabla ya kurudi kwenye lami matairi yote manne yajazwe tena, kwa kale kapampu ka kuchomeka kwenye tundu la sigara, injini ikiwaka ili betri isiishe. Unapiga magoti kwenye mchanga wa moto, unahama tairi hadi tairi. Wao wameshajipanga ndani, vioo juu, wanauliza hiyo pampu haiwezi kupunguzwa sauti.