Nani Kachomeka Huu Waya?

Grupu la WhatsApp la kazini mnalijua, sina haja ya kulieleza. Leo nimo kwenye daladala, mguu mmoja umekanyaga sakafu na mwingine umekanyaga mtu, simu inatetema mfukoni. "IT mtandao vipi?" "IT upo?" "IT tunateseka huku." Mmoja kaweka sura ya kulia. Yule wa stoo, ambaye tangu mwezi wa kwanza hajajibu ujumbe wangu hata mmoja, leo kaandika kwa herufi kubwa mwanzo mwisho.

Wazazi wangu walichinja mbuzi wanipe jina. Nimefika Kariakoo nimekuwa IT.

Sikatai, mtandao ni kazi yangu. Lakini hebu tuseme kweli. Ofisi hii ilianza na duka moja la vitenge, kompyuta tatu, na rauta moja waliyoiacha waliotuunganishia intaneti. Leo tuna ghorofa tatu, godauni ng'ambo ya mtaa, tawi Mbeya, na Bosi kaanza kuitaja Lubumbashi kwenye vikao. Kila kitu kimekua isipokuwa mtandao. Mtandao umerefushwa tu. Matundu ya kuchomekea nyaya yakiisha, inanunuliwa swichi, kile kisanduku cha kugawia mtandao, ya matundu manane, ya bei ya kutupa, inachomekwa kwenye iliyopo. Ikijaa hiyo, inakuja nyingine. Swichi imeshika swichi, imeshika swichi, hadi kwa mlinzi getini, na mlinzi mwenyewe hana kompyuta.

Halafu anwani, ile namba ambayo rauta inakipa kila kifaa ndipo kiingie mtandaoni. Mtandao wetu ni ule wa 192.168.1, una anwani 254 na haziongezeki kwa dua. Zamani za kompyuta tatu tulijiona matajiri. Sasa hesabu kamera, printa, mashine za risiti, mashine ya kuwekea vidole, kisha kila mfanyakazi na simu zake mbili, na neno la siri la waifai limebandikwa ukutani pale wateja wanaposubiri mizigo. Ikifika saa tano kompyuta ya mauzo inaomba anwani, inakosa. Anwani ambayo ingekuwa yake imo mfukoni mwa mteja wa Tunduma, na muda huo mteja yuko Chalinze anakula muhogo. Rauta bado inamtunzia, asije akarudi akakosa.

Mwaka jana niliandika barua. Barua rasmi kabisa, yenye Yah: Ombi la Kompyuta ya Kufuatilia Mtandao, nikaipigia na mstari. Bosi akaisoma mpaka chini, akavua miwani.

"Kufuatilia mtandao. Kwani unaenda wapi?"

Nikamweleza kwa adabu. Nikamwambia siombi mpya, ile kuukuu iliyofunikwa na maboksi stoo inatosha. Programu zipo, Zabbix kwa mfano, inatoka Latvia, na haiuzwi. Inakaa pale inaiuliza kila swichi: u mzima? Tundu lipi limezidiwa? Lipi linapokea takataka? Lugha yenyewe ya kuulizana inaitwa SNMP, ipo tangu 1988. Kitu kikianza kuugua mimi napata ujumbe, naenda kukitibu kabla grupu halijaamka.

"Shilingi ngapi?"

"Bure, Bosi."

Akacheka mpaka akakohoa. Kariakoo hakuna cha bure, kijana, kaulize vizuri wasije kukutapeli. Mwezi ule ule ikanunuliwa televisheni ya inchi 65 ya mapokezi. Na hata angekubali, hizi swichi zetu za bei ya kutupa ni bubu, hiyo SNMP hazijawahi kuisikia.

Kwa hiyo mfumo wetu wa ufuatiliaji ni yowe. Nao ni mfumo, msiudharau. Nyaya hazina alama, mafundi waliozivuta hawapatikani kwa simu, mchoro haupo. Mimi nasimama mbele ya swichi kubwa, nachomoa waya mmoja, natega sikio. Wakipiga yowe ghorofa ya pili, naandika kwenye karatasi: huu wa ghorofa ya pili. Kuna waya nilishauchomoa hakulia mtu. Nikaukata kabisa kwa furaha. Kesho yake asubuhi ikawa hakuna aliyesajili kidole, maana ile mashine haina mdomo.

Basi leo nimefika, sijavua hata begi, naingia kwenye kile chumba cha mifagio ambacho kwenye vikao tunakiita chumba cha seva. Taa zote za swichi zinawaka na kuzimika pamoja, kwa pupa. Mwenye kazi hii akiona hivyo anajua: kuna mahali waya umerudi ulikotoka. Kazi ikawa kutafuta mahali. Nikachomoa, yowe. Nikarudisha. Nikachomoa mwingine, yowe la kike na tusi la kiume. Nikarudisha. Nilipochomoa wa uhasibu taa zikatulia zote, heshima ikarudi nyumbani. Nikaurudisha, nikaenda huko huko.

Uhasibu yupo Mama. Jina lake sijui kama hata Bosi anathubutu kulitaja. Alikuwa naye tangu vitenge vinatandazwa chini kwenye turubai, na ndiye anayesaini posho.

Huwezi kuingia kwa Mama ukaanza na mambo ya waya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Kaa."

"Mama, naomba niangalie tu pale chini, mtandao..."

"Umeamkaje?"

"Salama mama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na yule mtoto wa kikohozi?"

"Kapona mama." Mtoto alipona kabla ya masika. Juu yangu watu wanapiga sakafu kwa visigino.

"Mlimpa nini?"

"Dawa, mama. Ya hospitali."

"Ungempa tangawizi na asali na kitunguu maji..."

Nikapewa na vipimo. Kijiko cha nini asubuhi, kijiko cha nini jioni. Simu inatetema mfukoni mpaka paja limekufa ganzi. Ilipofika zamu ya kumfunga mtoto kifua na kitambaa cha joto, nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza yake, na mazungumzo yakaendelea kutokea juu.

Swichi siioni. Ninachokiona ni kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, na juu yake chupa ya maua ya plastiki. Nikafunua. Swichi imo humo. Niliigusa nikaurudisha mkono haraka.

"Mama, hii umeifunika?"

"Si ilikuwa inanikonyeza kutwa nzima na vile vitaa vyake. Mtu mzima mimi."

"Inahitaji hewa, mama."

"Nimefuma matundu makubwa."

Nikahesabu hadi kumi kimoyomoyo. "Mama, jana kuna mtu aligusa nyaya hapa?"

"Hakuna. Mtu aguse chini ya meza yangu?" Akanyamaza kidogo. "Nilipanga mwenyewe. Kulikuwa na waya unaning'inia, hauna kwao, unatega watu miguu. Nikauona una kichwa, na kwenye hicho kidude kuna tundu liko wazi. Nikauchomeka. Ukalia ta! ukakaa vizuri. Nikasema mwanangu akija atafurahi."

Nikaushika waya, nikaufuata kwa vidole, kwenye vumbi, nyuma ya mafaili ya mwaka 2016, nikazunguka mguu wa meza. Ulitoka tundu la nne. Ukaingia tundu la saba. Swichi ile ile.

"Mama, umeurudisha ulikotoka."

"Sasa kuna ubaya gani mtu akirudi kwao?"

Nikasema leo nitaeleza, liwalo na liwe. Nikamwambia: Mama, kompyuta ikimtafuta printa na haijui alipo, inaita kwa wote, printa ni nani hapa? Swichi inalisambaza neno hilo kwenye kila tundu. Sasa la nne linampa la saba, la saba linamrudishia la nne, na kila likizunguka linatawanywa tena jengo zima. Humo njiani hakuna anayehesabu mizunguko akasema basi, imetosha. Neno moja linakuwa maelfu, nyaya zinajaa, hakuna kingine kinachopita.

Mama akavua miwani. Hapa kazini watu wakielewa wanavua miwani.

"Kumbe umbea."

"Ndiyo mama. Umbea."

"Na huyo printa mwenyewe, hajibu?"

"Anajibu, mama. Ila hasikiki."

"Maskini," akasema Mama, na akamhurumia kweli.

Nikauchomoa. Kitambaa nikakikunja, nikakiweka kwenye droo, ua nikalisogeza dirishani. Nikaaga. Nafika mlangoni nageuka, kitambaa kimesharudi. Juu nasikia shangwe: mmoja wa mauzo anawatangazia wenzake kwamba alizima kompyuta akawasha, ikakubali. Kwenye grupu Bosi kampongeza. Kamwekea na ngumi.

Kinachonichoma ni kwamba ugonjwa huu una dawa, na dawa ni ya mwaka 1985. Mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, alikuwa kampuni ya kompyuta ya Digital, akabuni utaratibu wa swichi kuzungumza zenyewe, zikiona njia imezunguka zinaziba tundu moja kimyakimya, watu wanaendelea na biashara. Hadi shairi akautungia. Miaka yote hiyo! Swichi zenye huo utaratibu zinauzwa hapa hapa, mtaa wa pili kutoka dukani kwetu, nimeshapeleka bei mara si haba. Jibu: "Kwani hizi zina shida gani, taa si zinawaka?"

Zinawaka, Bosi.

Ya godauni siongei. Waya wa mtandao wa shaba ukomo wake ni mita 100, ule wetu umevuka mtaa kwa hewani na kupita hapo, una kiungo cha gundi ya umeme katikati, na mlinzi anaanikia fulana. Mvua ikinyesha godauni haina mauzo. Nilikwangua kipande chake kwa wembe, ndani mweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Risiti inasema shaba tupu. Kulikuwa pia na fundi wa dari aliyekutana na bomba la nyaya zangu, akaona linamharibia mchoro, akakata. Panya sina ugomvi naye, yule angalau ana njaa.

Na Mei 2024, mnakumbuka, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, EASSy na Seacom, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima inavuta intaneti kwa shida? Bosi aliniita. Nikamwambia Bosi, hii ni bahari. Akafikiri. Akaniuliza, "Sasa wewe unaenda saa ngapi?"

Ukitoka hapo unarudi nyumbani, Mbagala, unataka maji ya kuoga tu. Unamkuta jirani kaketi kibarazani kwako na redio ya mjomba wake, amefunga kwa kanga. Si wewe mtu wa kompyuta? Umeme haupo, sina hata pa kuichomeka nijue inalia au hailii, nimeishika gizani naigeuza, inatoa mchanga. Anasema ilianguka kisimani lakini ni kidogo tu. Nimemwambia aiache. Kumbe hajaja peke yake, mjomba mwenyewe yupo pale kwenye mwembe, na mkononi ana pasi.